Jina Tuliloipa Sabuni

Jina la kwanza nililowahi kulitunga kwa ajili ya biashara lilikuwa jina la sabuni, na nililitunga kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kwa miaka mingi nilikuwa mchora ramani katika kampuni kubwa ya migodi ya Kolwezi. Niliketi kwenye meza ndefu iliyoinama, nikiandika kwa wino jina la kila shimo, kila bomba na kila barabara ya malori. Sikuwa mchoraji hodari kuliko wenzangu, lakini herufi zangu zilikuwa safi, na mkubwa wa ofisi akitaka kitu cha kuwaonyesha wageni alinipa mimi nikiandike. Nilianza kazi wakati serikali ilipokuwa inabadilisha majina ya kila kitu: miji, mito, kampuni, hata majina tuliyobatizwa nayo. Ramani nzuri kabisa zilirudishwa mezani tukwangue jina la zamani kwa wembe na kuandika jipya. Mkono wangu ulizoea kukwangua kabla ya kuzoea kuandika.

Kisha kampuni ikaanza kufa. Haikufa siku moja. Kwanza pampu za shimo moja zilisimama na maji yakapanda, tukaambiwa ni kwa muda. Kisha zahanati ikabaki na wauguzi bila dawa. Unga wa mahindi tuliokuwa tunagawiwa kazini ukapungua, ukawa nusu, halafu siku ya kugawa ikapita bila mtu kuja kufungua mlango wa depo. Ofisini karatasi ziliisha. Tulichora nyuma ya ramani za zamani, na mwishowe mkubwa wetu akasema tubaki nyumbani mpaka tuitwe. Hatukuitwa. Kwa miezi kadhaa niliendelea kuvaa shati la kazi kila asubuhi, nikafunga vifungo vyote, kisha nikakaa barazani nikitazama vilima vya udongo wa mgodi upande wa pili wa barabara.

Tulikuwa tunakaa Musonoi, katika nyumba za kampuni. Nyumba yetu na ya jirani zilitenganishwa na ua wa miti mifupi. Jirani yangu alikuwa fundi wa kuchonga vyuma katika karakana kubwa. Alikuwa Mluba wa Kasai, lakini alizaliwa Kolwezi, na baba yake alizikwa Kolwezi. Kasai alikuwa amefika mara moja tu, kumzika bibi yake, akarudi akilalamika kwamba kule walimcheka kwa namna anavyosema lugha yao. Mimi ni Mluba wa kaskazini ya Katanga. Lugha zetu ni ndugu. Akisema polepole nilimwelewa. Wake zetu walikuwa wanaimba pamoja kanisani na waliazimana masufuria bila kuulizana yatarudi lini.

Mke wake ndiye aliyeanza kutengeneza sabuni. Aliletewa mafuta ya mawese kwa treni, akayachemsha uani katika nusu ya pipa, akatia soda kali kwa kipimo alichokijua yeye peke yake, akakoroga kwa mti mrefu huku uso ameugeuza pembeni kuepuka moshi. Mume wake alimtengenezea visanduku vya mbao vya kumiminia. Sabuni ile ilikuwa ngumu, nyeupe kidogo kwa manjano, na haikukwaruza mikono kama sabuni nyingine zilizokuwa zikipikwa mtaani wakati ule, maana wakati ule kila mtu alikuwa anapika kitu.

Mchana mmoja aliniita kutoka upande wake wa ua.

"Tata, weye unajua kuandika. Nataka unipatie jina."

"Jina la nini, mama?"

"La sabuni. Ku soko bantu banauliza, 'ile ya yule mama mwenye kukaa pa kona.' Siku nikigonjwa, mama mungine akikaa pale pa kona, itakuwa sabuni yake?"

Nikaenda. Tulikaa barazani kwao sisi watatu, na tulilifanyia jina lile kazi kama watu wanaonunua nyumba. Mume alitaka jina la Kifaransa, nyota ya kitu fulani, kwa sababu sabuni za dukani zamani zilikuwa na majina ya Kifaransa. Mke wake alimwuliza kama nyota inafua nguo. Mimi nilipendekeza jina la mto, yeye akasema watu watadhani imetengenezwa kwa maji machafu. Tulicheka sana. Nakumbuka nilisema kwamba jina zuri la sokoni ni lile ambalo mama mwenye mtoto anayelia mgongoni anaweza kulitamka mara moja na akasikika. Nikawa nalitamka kila jina kwa sauti kubwa, kama mchuuzi, ili tulisikie. Mengi yalikufa hapo hapo.

Ni yule mama aliyesema, "Moyo."

Kwangu moyo ni moyo, kile kinachopiga kifuani. Kwao ni salamu vilevile. Wakikutana asubuhi wanasema moyo, maana yake uzima uwe nawe. Mama yake alimwamsha kwa neno hilo kila siku ya utoto wake. Nililisema kwa sauti. Lilikuwa fupi, likatoka mdomoni bila kukwama, na kila mtu mjini, wa kabila lolote, alikuwa nalo tayari. Mume aliitikia kwa kichwa taratibu, akasema, "Njo ile," ndiyo hiyo.

Nilichonga muhuri wa mti siku ile ile. Kwa mchongaji lilikuwa jina la bahati: herufi zake zote nne hazibadiliki ukizigeuza kama kwenye kioo, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuzipanga kinyume tu. Sabuni ya kwanza ilipotoka na neno MOYO limezama katikati, yule mama aliishika kwa mikono miwili, akampelekea mke wangu.

Ikauzika. Ilifika Mutoshi, na wachuuzi wa treni wakaichukua hadi Dilolo, wakarudi na samaki wakavu na chumvi kutoka upande wa Angola. Kwa ajili yake watu wakaanza kunijia mimi. Mwenye mashine ya kusaga alitaka jina, akaja mwenye tanuri la mkate, kisha kinyozi. Nilijifunza kwamba watu karibu wote wakija kutafuta jina wanaleta jina la mahali ambapo hawajawahi kufika. Fundi seremala aliyekuwa ameacha vitanda na kuanza majeneza aliniomba jina la kumvutia mteja. Nilimwambia jeneza halihitaji kuvutia. Akanitazama kwa huzuni ya kweli, akasema wako mafundi watatu sasa katika mtaa huo huo. Nikamwandikia ubao wenye neno moja, "Fundi," na mshale.

Hayo yote hayakudumu hata miaka miwili.

Sijui nieleze vipi jinsi redio ilivyobadilika. Wakubwa wa jimbo walianza kusema kwamba njaa yetu ina wenyewe, na wenyewe ni watu wa Kasai: ndio wenye kazi zote, ndio wamekula kampuni. Jirani yangu alikuwa hajala nyama tangu Pasaka. Redioni na mikutanoni hawakuitwa tena Bakasai. Waliitwa bilulu, wadudu. Mimi niliyejiona mtu wa majina nilishangaa jinsi lile lilivyokamata haraka. Wiki ya kwanza lilikuwa kwa wahuni, wiki ya tatu nililisikia kwa mwalimu, na kabla ya mwezi kwisha binti yangu alilisema mezani. Nilimpiga kofi. Ndiyo mara pekee niliyompiga, na sikuweza kumweleza sababu, kwa kuwa aliyekaa upande wa pili wa ua angesikia.

Kazi yangu ikaongezeka. Mwenye baa iliyoitwa kwa jina la mji wa Kasai alikuja mbio nifute. Mwenye duka la dawa, aliyeandika jina la ukoo wake mlangoni, alitaka niandike "Dawa" tu. Nilizunguka na kopo la rangi nyeupe. Wiki moja nilifuta vibao vingi kuliko nilivyokuwa nimeandika mwaka mzima, na jioni mikono ilinuka mafuta ya taa.

Kisha akaja mtu mmoja niliyemfahamu. Alikuwa mtunza stoo katika kampuni, mtu mpole, tuliwahi kusafiri naye katika basi moja la kazi. Sasa alikuwa amevaa shingoni kitambaa cha chama cha wale wakubwa wa jimbo na alikuwa na vijana wanne nyuma yake.

"Ile jina ya sabuni, ni weye uliandika?"

"Ni mimi. Ni Kiswahili. Moyo."

"Usinidanganye, tata. Ni salamu yabo. Ku soko banaitana nayo. Mumoya anasema moyo, mungine anaitika. Unaona tuko bajinga?"

Ilikuwa kweli kwamba wanawake sokoni walikuwa wakitania hivyo. Mnunuzi anasema jina la sabuni, muuzaji anaitikia. Ulikuwa mchezo wa wanawake wa makabila yote. Nilifungua mdomo nimweleze, nikaona mmoja wa wale vijana anatazama ndani ya nyumba yangu, anahesabu viti. Nikafunga mdomo.

Siku iliyofuata sabuni ilimwagwa matopeni sokoni na kukanyagwa. Yule mama alirudi nyumbani na beseni tupu, kitambaa cha kichwa kimetoka. Nilipita kwenye ua, nikamkuta amekaa kwenye ngazi, mume wake amesimama nyuma yake. Nilikuwa nimefikiria usiku kucha na nilikuja na jina jipya tayari.

"Mama, tubadilishe. Nitachonga muhuri mwingine leo. Jina lisilo na maana yoyote kwa mtu yeyote."

Alilisukuma lile beseni tupu pembeni.

"Na sisi wenyewe, tata? Utatuandika jina gani?"

Mume wake aliweka mkono begani kwake, akaniambia kwa upole kwamba niende nyumbani, si vizuri nionekane pale. Ni yeye aliyekuwa ananilinda mimi.

Vijana wa chama walikuja kuwatoa watu wa Kasai siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, jua likiwa kali. Mlango kwa mlango, wakijua nyumba za kuingia. Waliwapa muda wa kufunga mizigo mpaka saa sita. Mimi nilikuwa nyuma ya ua. Ningeweza kuugusa mkono wa jirani yangu kupitia majani. Nilimsikia akiwaambia vijana kwamba alizaliwa hapa, katika hospitali ya kampuni, na karatasi ipo. Mmoja akamjibu, "Hata panya inazaliwa mu nyumba." Vijana wakacheka. Mke wangu alitoka. Yeye alitoka, mimi sikutoka. Alipita katikati yao akiwa na sufuria ya unga uliokuwa umebaki kwetu, akaiweka juu ya mzigo wa rafiki yake, wakashikana vichwa. Kijana mmoja alimsukuma kidogo, si kwa nguvu. Kisha wakaondoka kwa miguu kwenda stesheni, baba, mama na mabinti watatu, godoro limekunjwa juu ya kichwa cha mkubwa wao.

Nilidhani watapanda treni siku hiyo. Watu wote tulidhani hivyo, au tulitaka kudhani hivyo. Baada ya wiki mbili mwanamke wa kanisani alituambia kwamba bado wako pale, treni haziji, na watu wanakufa.

Nilikwenda. Ulikuwa umati ambao sijawahi kuuona. Watu walilala kati ya reli, chini ya maturubai, katika madarasa ya shule ya karibu, ndani ya mabehewa mabovu yasiyo na magurudumu. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, na matope yalinuka choo. Nilizunguka asubuhi nzima nikiwa na dumu la maji begani, nikiuliza. Niliwakuta ukutani kwa bohari. Yule mama alikuwa anamfunga binti mdogo kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. Mtoto alikuwa na surua. Mume alikuwa amelala ubavu, magoti yamefika kifuani. Alikuwa anahara siku ya tano. Alinitambua.

"Umekuja na maji," akasema. "Muzuri."

Nilirudi kila siku. Siku ya tatu nikakuta amefunikwa.

Pale stesheni palikuwa na masista waliokuwa wanajaribu kufanya kila kitu kwa mikono miwili. Sista mmoja mzee alikuwa na daftari la waliokufa, na kando yake fundi alikuwa anapigilia misalaba ya mbao za masanduku. Yule mama alimwambia sista kwamba mimi najua kuandika. Sista hakuuliza nani wala kabila gani. Akanipa kopo la rangi nyeusi na kijiti kilichofungwa pamba.

Niliandika jina la jirani yangu, lake la ubatizo na la baba yake. Nilichukua muda mrefu. Nilipomaliza nikaona kuna watu wamejipanga nyuma yangu, kila mmoja akisubiri kunitajia jina. Niliandika siku ile yote, na siku zilizofuata. Wengine walitaja jina la mtoto, halafu wakaniambia jina hilo linavyoandikwa, herufi kwa herufi, wakihakikisha sikosei. Mama mmoja alikuwa na mtoto wa siku nne ambaye hakuwa amepewa jina bado. Aliniuliza niandike nini. Mimi niliyekuwa nimewapa majina wasagaji na vinyozi, sikuwa na neno. Mama akafikiri, akanitajia jina la mama yake mwenyewe, nikaliandika.

Tuliwazika kwenye mteremko ng'ambo ya reli. Treni ilikuja mwezi uliofuata. Yule mama aliondoka na mabinti wawili, wale wakubwa.

Sasa niseme lile ambalo sijalisema vizuri kwa mtu yeyote.

Yule mtunza stoo alihamia nyumba ya jirani. Alikuta pipa, visanduku, mti wa kukorogea. Siku moja akaja barazani kwangu, amevua kitambaa cha shingoni, amekuwa tena yule mtu mpole wa ndani ya basi. Alitaka kuendelea na sabuni. Alitaka jina.

Hakunitisha. Ningependa kusema alinitisha. Aliketi, akauliza habari za watoto, akaniahidi unga. Nikafikiri dakika chache tu. Nikamwambia, "Yetu."

Akalirudia. Akatabasamu. "Yetu. Tata, weye uko na akili."

Na lilikuwa jina zuri. Hilo ndilo linaloniuma hata leo. Fupi, linasikika, linasema kile ambacho mji mzima ulikuwa unataka kusikia mwaka ule. Ningeweza kumpa jina bovu na asingejua. Mkono ulichonga muhuri vizuri kama ulivyozoea, na nilipokuwa nachonga nilijali E, ambayo kioo huigeuza, isije ikatoka kinyume.

Mke wangu aliuona mezani. Aliusoma.

"Umemupatia jina," akasema.

"Tunahitaji kula."

"Sikuulizi juu ya chakula."

Unga ulipoletwa aliupika, akawapakulia watoto, akanipakulia mimi, yeye mwenyewe hakula. Sabuni ile haikuingia nyumbani mwetu. Tulifua kwa maji ya majivu kwa muda mrefu, na mikono yake ikapasuka. Yule mtu hakujua kipimo cha soda. Sabuni yake iliunguza ngozi za watu, na kabla ya kiangazi kwisha akaacha. Aliuza pipa. Muhuri wangu aliufanya kuni, mke wake mwenyewe aliniambia.

Niliacha kutunga majina. Nililima mahindi nyuma ya nyumba, na baadaye nilifundisha uchoraji katika shule ya ufundi.

Miaka mingi baadaye, vita vilipopita na watu wa Kasai wakaanza kurudi mmoja mmoja kutafuta maisha katika migodi mipya, yule mama alirudi. Alifika kwetu kwa pikipiki akiwa na mmoja wa wale mabinti wawili. Mke wangu alikuwa ameshafariki. Nilimwambia hilo mlangoni. Akakaa chini kwenye ngazi palepale, akafunika uso kwa kitenge. Alipotulia nikamwambia na lile jingine, kwa sababu sikutaka alisikie kwa mtu mwingine.

"Nilimpa jina. Yule aliyechukua nyumba yenu. Nilimchongea na muhuri."

Alikunja kitenge magotini.

"Muke yako aliniandikia," akasema. "Zamani. Najua."

"Aliandika nini?"

"Aliandika asema we ulilia wakati ulikuwa unachonga."

Sikulia. Nakumbuka vizuri kwamba sikulia. Sikumwambia.

Aliomba nimpeleke kwenye kaburi la mume wake. Tulivuka reli, sisi watatu, na tulipofika kwenye mteremko hatukuutambua. Wachimbaji walikuwa wameingia humo. Udongo ulikuwa umegeuzwa kila mahali, mashimo membamba yenye kamba, magunia ya mawe meusi yamepangwa kandokando. Hapakuwa na msalaba hata mmoja. Nilitembea huku na huko nikijaribu kupima kwa macho kutoka kwenye bohari ya stesheni, kama nilivyopima zamani kwenye ramani, lakini bohari yenyewe ilikuwa imebomolewa.

Mwanaume mmoja alitoka shimoni, mwekundu kwa vumbi mpaka kope, akatuuliza tunatafuta nini.

"Bwana yangu," yule mama akamjibu. "Tulimuzika hapa."

Mchimbaji alimtazama, akatazama shimo lake, akavua kofia. Alisema hawakujua. Alisema wengine walikuta mifupa upande wa chini, wakaifukia mahali pamoja, karibu na kile kichuguu. Hakujua ya nani. Alitupeleka mpaka pale, akatuachia, na wenzake waliokuwa wanapiga nyundo wakaziweka chini bila kuambiwa.

Yule mama alikaa kwenye udongo. Binti yake alikaa pembeni yake. Mimi nilisimama, sikujua kama nina haki ya kukaa. Baada ya muda akanyoosha mkono bila kunitazama, akanivuta kwa suruali, nikakaa.

Tulibaki pale mpaka mchana. Kesho yake alirudi tena kwenye mteremko na binti yake. Hakunipitia, na sikumfuata.